Tamko la watumishi na wastaafu wa Nanyamba kuhusu majina yaliyosafishwa ambayo mtandao bado unayachafua

Sisi wanachama wa chama cha watumishi wa umma na wastaafu wa Nanyamba, mkoani Mtwara, tumelijadili kwa kina suala la taarifa za watu zinazoendelea kujitokeza mtandaoni ilhali ukweli wake umekwisha kubadilika. Tunautangazia umma, pamoja na mamlaka zinazohusika, msimamo wetu kama ifuatavyo.

1. Tarehe 28 Aprili 2017, Chuo Kikuu cha Dodoma, Hayati Rais John Pombe Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Ripoti hiyo ilitaja watumishi 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi, na ikaagizwa majina yao yatangazwe. Haukupita muda orodha ikawa imesambaa nchi nzima, magazetini, kwenye blogu na katika makundi ya WhatsApp. Aliyekuwa na simu aliipata, na aliyeipata alimtumia mwenzake.

2. Serikali yenyewe ilitambua kuwa uhakiki wa watu wengi kiasi hicho unaweza kukosea, na ndiyo maana ilifungua mlango wa rufaa. Wapo waliokata rufaa, vyeti vyao vikathibitika kuwa halali, wakasafishwa. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliridhia hata wale walioondolewa kazini warejeshewe michango waliyokatwa kwa ajili ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Hivyo kiutawala jambo hilo lilifikishwa mwisho wake. Mtandaoni limebaki palepale lilipokuwa mwaka 2017. Orodha ya tuhuma ilitangazwa kwa kishindo. Uamuzi wa rufaa ulifika kwa barua, akausoma mhusika na mwajiri wake, basi.

3. Madhara yake tunayaona kwa macho. Mwanachama wetu mmoja, mwalimu aliyeshinda rufaa na kufundisha hadi kustaafu, aliomba kazi ya muda katika shule moja binafsi. Akiwa ameketi mbele ya meza, msimamizi wa shule aliandika majina yake matatu kwenye simu. Kilichotangulia ni orodha ile. Mwalimu alitoa kwenye bahasha ya kaki barua yake ya kurejeshwa kazini, yenye muhuri na saini. Msimamizi aliisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akasema angempigia. Hakupiga. Wapo wengine wanaoulizwa habari hizo na wakwe, na wengine na watoto wao wenyewe.

4. Jambo hili ni pana kuliko vyeti. Mtu akikamatwa, habari yake huandikwa siku hiyohiyo. Kesi ikifutwa au akiachiwa huru miaka miwili baadaye, mara nyingi hakuna mwandishi mahakamani. Mdaiwa sugu aliyekwisha kulipa deni lote hubaki mdaiwa sugu kwa kila anayelitafuta jina lake. Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Iweje basi aliyethibitika kutokuwa na hatia aendelee kutendewa hivyo?

5. Katika mkoa wetu kanuni hii si ngeni. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, kijana akitoka jandoni hupewa jina jipya, na kumwita kwa jina la utotoni ni kumvunjia heshima. Hakuna aliyesahau kwamba aliwahi kuwa mtoto. Jamii imeamua tu kwamba hali aliyokwisha kuivuka isitumike kumshusha. Wazee wetu waliliona hilo kuwa sehemu ya utu, nasi hatuoni sababu ya teknolojia kupewa ruhusa ambayo jirani hana.

6. Sheria nayo iko upande huo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa binafsi ziwe sahihi, ziendane na wakati, na zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika kwa lengo lililokusudiwa. Inampa mhusika haki ya kuomba zirekebishwe, zizuiwe au zifutwe. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi mwezi Aprili 2024, ndiyo yenye mamlaka ya kupokea malalamiko. Haki ipo. Njia ya kuifikia ndiyo mwananchi wa Nanyamba haioni.

7. Wengine wamekwisha kuitengeneza njia hiyo. Raia mmoja wa Hispania, ambaye kwa heshima ya jambo lenyewe hatumtaji, alilalamika kuwa kila jina lake lilipotafutwa kwenye Google lilitokea tangazo la gazeti la mwaka 1998 kuhusu mnada uliotokana na deni alilokwisha kulimaliza. Tarehe 13 Mei 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa mwenye mtambo wa kutafutia anawajibika kwa kile anachokileta mbele ya watu, na kwamba mtu anaweza kudai viungo vya namna hiyo viondolewe jina lake linapotafutwa. Gazeti halikuchanwa, na kumbukumbu ilibaki kwenye hifadhi yake. Kilichoondolewa ni ule urahisi wa kumhukumu mtu kwa kuandika jina lake tu. Mkazi wa Ulaya leo anayo fomu ya kudai haki hiyo. Mtanzania anayo fomu ya Google ya matokeo yaliyopitwa na wakati, lakini hiyo humfaa pale tu ukurasa wenyewe unapokuwa umefutwa au kubadilishwa.

8. Ieleweke wazi kuwa hatuombi maficho kwa wahalifu. Kiongozi wa chama cha msingi cha ushirika aliyekula fedha za korosho za wakulima, mahakama ikamtia hatiani, jina lake lionekane, hasa anapoomba tena uongozi. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kupata habari, nasi hatutaidhoofisha. Kwa sababu hiyo hatukubali pia kwamba kampuni ya nje iamue peke yake kipi kibaki na kipi kiondoke. Uamuzi huo unahitaji chombo cha umma kinachotoa sababu zake kwa maandishi.

9. Kwa hiyo tunaitaka kila mamlaka iliyowahi kutangaza orodha ya majina itangaze vilevile, mahali palepale, majina ya waliosafishwa, au iiondoe orodha hiyo. Aliyetangaza tuhuma ndiye mwenye wajibu wa kutangaza mwisho wake. Tunaiomba Tume itoe mwongozo wa Kiswahili chepesi kuhusu matokeo ya utafutaji, wenye fomu ambayo mtu anaweza kuijaza katika ofisi ya halmashauri bila kusafiri hadi Dodoma. Wamiliki wa magazeti na blogu waliochapisha habari ya kukamatwa mtu waongeze juu ya habari hiyohiyo namna kesi ilivyokwisha. Na waajiri wamuulize mwombaji kazi, wazisome barua zake, kabla ya kuiamini simu.

10. Chama kimeazimia kuwasaidia wanachama wake, na mkazi yeyote wa Nanyamba atakayehitaji, kukusanya barua na hukumu zao, kuwaandikia wachapishaji na kufungua malalamiko mbele ya Tume. Pale ambapo Tume haitatoa nafuu inayostahili, tutakwenda Mahakama Kuu.

Imetolewa na Kamati Tendaji,
Nanyamba, Mtwara.