Waridi au Asumini?

Mara nyingi mtu aendaye dukani kununua manukato huwekewa chupa mbili mbele yake, moja ya waridi na moja ya asumini. Hunusa vifuniko, huchagua upesi, akalipa; na baada ya siku chache chupa huachwa kabatini kwa kuwa harufu yake haikumpendeza. Hivyo fedha hupotea bure. Yafaa basi kuyajua maua haya kabla ya kufungua mfuko.

Waridi huchumwa asubuhi na mapema, kisha huchemshwa ili mvuke wake upozwe. Hivyo ndivyo ifanywavyo huko Kazanlak, Bulgaria, na katika Jabal Akhdar, Oman. Ili kupata kilo moja ya mafuta yake huhitajiwa zaidi ya kilo 3,000 za maua. Kwa hiyo chupa ya bei rahisi haiwezi kuwa na mafuta hayo matupu. Maji yapatikanayo pamoja nayo ndiyo marashi. Harufu yake ni ya upole, nayo haimkeri jirani. Ndiyo sababu watu wa pwani huwanyunyizia wageni wa maulidi kwa mrashi.

Asumini, kinyume chake, hufunguka jioni na hunukia sana usiku. Moto huiharibu harufu yake. Kwa hiyo hapo zamani watu wa Grasse, Ufaransa, waliyatandaza maua hayo juu ya mafuta mazito ili yanywe harufu polepole. Siku hizi hutumiwa dawa za kuyeyusha. Harufu yake ni tamu, nzito, tena hukaa sana. Pwani hutiwa katika vikuba, na ni pambo la bibi arusi.

Basi, kwa kazini, garini, au kumtazama mgonjwa, waridi lafaa zaidi. Kwa arusi na jioni ya nyumbani, asumini ina nafasi yake. Mjane Mwislamu aliye katika eda asipelekewe hata moja, kwa kuwa amekatazwa manukato.

Mnunuzi na atie tone moja katika kila mkono, asisugue, kisha atoke dukani kwa muda wa saa moja. Harufu ya kwanza ni ya spiriti, nayo hupita upesi. Ile ambayo yeye na walio karibu naye wangali wakiifurahia baada ya saa hiyo, ndiyo inayostahili kulipiwa.