"Jamaa" Ni Nani?

"Jamaa mmoja alinisimamisha kituo cha daladala." Msomaji, umemwona nani? Yamkini umemwona mwanamume, ingawa sentensi haikutaja jinsia.

Tunajivunia kwamba Kiswahili hakibagui. "Yeye" ni wa kike na wa kiume. "Amekuja" haitoboi siri. Ni kweli, lakini hiyo ni sifa ya sarufi. Mazoea ya wasemaji ni jambo jingine.

"Jamaa" lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni kundi la watu. Kwetu likawa watu wa ukoo, shangazi na bibi wakiwemo. Likazaa ujamaa, uliotangazwa na Azimio la Arusha mwaka 1967 kuwa njia ya taifa zima. Likazaa pia "jamani", tunavyoitana sokoni na msibani, na hakuna mama anayesikia "jamani" akadhani hakuitwa. Ila likibaki na mtu mmoja, mwanamke anatoka. "Washikaji" nalo ni vivyo hivyo: binti huitika akiitwa pamoja na wenzake, lakini ukisema "mshikaji mmoja", msikilizaji hamfikirii yeye.

Wapo watakaosema huu ni ubishi wa kuletewa, kwa kuwa dada zetu wenyewe huitana washikaji. Hoja hiyo ina uzito. Mwitaji na mwitwa wakielewana, ugomvi wa nini? Shida huanza neno likitoka kijiweni na kuingia kwenye habari na bajeti.

Tazama "vijana". Sheria ya Tanzania inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Binti wa miaka 22 ni mwanamke na ni kijana. Lakini akisikia kila siku "wanawake na vijana", ni rahisi aamini kwamba fungu la pili ni la kaka yake.

Kipimo changu ni hiki: litoe neno kwenye wingi, umvike mtu mmoja. "Ndugu" linafaulu, maana "Ndugu Mwenyekiti" huitwa mwanamume na mwanamke, na hakuna anayeshtuka. Limefika hapo kwa kutumiwa hivyo miaka na miaka. "Jamaa", "washikaji" na "vijana" hayajafika: yanapoita hukusanya wote, yanaposimulia humwacha mwanamke nje.

Basi, waandishi na watangazaji wenzangu, tusiyatupe maneno haya, tuyapanue. Tuandike "vijana wa kike na wa kiume" bila kuchoka, na kijana akiwa binti tumwite kijana, mpaka siku msomaji atakapokutana na "kijana mmoja" asijue ni nani hadi aambiwe.