Daftari la Wiki: Mfu Hajiamshi Mwenyewe

Kibanda cha video, Sofia

Juzi usiku kibanda kimoja cha video mtaani Sofia, hapa Voi, kilionyesha The Mummy Returns, muvi ya Stephen Sommers ya mwaka 2001. Ni sehemu ya pili ya habari za Imhotep, kuhani wa Misri ya kale aliyefufuliwa. Mabenchi yalijaa hadi mlangoni. Walikuwepo vijana wa boda boda, mama muuza viazi karai na beseni lake, na mzee mmoja mstaafu wa reli. Watazamaji wa huku hawakai kimya. Kila tukio hupata mshtaki na wakili wake papo hapo, nami nilikuwa na kalamu.

Kijana mmoja wa boda boda ndiye aliyeanza kutoa hukumu. Kwake yeye, sehemu ya kwanza, ile ya 1999, ilitisha zaidi. Mle Imhotep alikuwa mmoja, ametoka kaburini hajatimia, anamwandama mtu baada ya mtu kumnyang'anya macho na ulimi ili ajijenge upya. Safari hii amezungukwa na majeshi ya Anubis na vimaiti vifupi vinavyorukaruka msituni. "Wakiwa wengi hivyo, hiyo ni vita," alisema. "Vitani unakimbia na wenzako. Woga ni wa mtu peke yake." Naafikiana naye kabisa. Wanaotengeneza sehemu ya pili hudhani kutisha ni kuongeza idadi, na hapo ndipo wanapoupoteza woga wenyewe.

Mama wa viazi karai alishika jambo jingine. Evelyn, mke wa shujaa, anachomwa kisu na kufa. Mwanawe Alex anasoma Kitabu cha Wafu, kilekile kilichomwamsha Imhotep, na mama anafumbua macho. Kibanda kizima kilipiga makofi. "Na huyu je, si maiti aliyefufuliwa?" aliuliza. "Mbona yeye mnamshangilia?" Sauti ikamjibu kutoka nyuma: "Mama, huyo ameitwa na mwanawe."

Hoja ya mzee wa reli

Mzee alingoja hadi mwisho. Wanaume wawili, Imhotep na shujaa Rick, wananing'inia ukingoni mwa shimo. Evelyn anajitosa katikati ya mawe yanayoporomoka kumwokoa mumewe. Anck-su-namun, mpenzi ambaye Imhotep amevuka mauti mara mbili kwa ajili yake, anatimua mbio. Imhotep anamtazama anavyokwenda, kisha anauachia mwamba na kujiachilia shimoni. Hapo hata wale waliokuwa wakimzomea saa nzima walimwonea huruma.

"Huyu bwana alikuwa amelala kwao," mzee akasema taa zilipowashwa. "Nani aliwatuma wamfukue?"

"Lakini mzee, asipofukuliwa hakuna muvi," kijana mmoja alimjibu.

"Basi, mwanangu, mwenye makosa ni mwenye koleo."

Ukiirudia hadithi utaona mzee hakukosea hata kidogo. Imhotep hatoki mchangani kwa nguvu zake. Kundi la watu wenye njaa ya mamlaka linamchimbua, linamsafirisha hadi London na kumwamsha ndani ya British Museum, na kiongozi wao ni mtunzaji wa makumbusho hayo hayo. Muvi yenyewe imemtaja mkosaji, halafu inatumia saa mbili kututaka tumwogope aliyekosewa.

Hata jina limefukuliwa pasipo haki. Imhotep wa historia alimtumikia Farao Djoser, na ndiye anayehusishwa na piramidi ya ngazi kule Saqqara. Karne nyingi baada ya kufa kwake Wamisri walimtukuza kuwa mungu wa uponyaji. Sinema imemfanya mponyaji kuwa jinamizi.

Sehemu ya tatu, kwa ufupi

Kesho yake walionyesha ile ya mwaka 2008, The Mummy: Tomb of the Dragon Emperor. Malalamiko yalikuwa mawili. La kwanza, Evelyn si yule: Rachel Weisz hayupo, amewekwa Maria Bello, na watu hawakumkubali. La pili, Jet Li amepewa nafasi ya mfalme mwovu aliyefufuliwa. Watu waliokua wakimshangilia Jet Li kwenye vibanda hivi hawawezi kumgeuka kwa usiku mmoja. Wote wawili ni waigizaji wazuri. Ila mtazamaji akishamzoea mtu, amemfanya jamaa, na jamaa habadilishwi kimyakimya.

Merit wa Nigeria

Waliotazama muvi za Kinigeria wanamkumbuka Merit wa Living in Bondage, ya mwaka 1992. Mumewe Andy anamtoa kafara ili atajirike, na mzimu wake unarudi kumwandama. Sehemu ya pili ilifuata, na mwaka 2019 Ramsey Nouah akaiendeleza kwa Breaking Free. Merit hatafuni watu wala hana jeshi. Anasimama tu mbele ya mtu aliyemuua, nawe unasikia baridi mgongoni kwa sababu unajua anachodai. Mfu wa aina hiyo mtazamaji wa Voi anamwelewa bila kufafanuliwa, na kwa maoni yangu ndiye anayetisha kuliko wote.

Simba wa Tsavo

Sisi nasi tuna hadithi ya wafu waliorudi, na ilitokea kwenye reli yetu. Mwaka 1898, daraja la mto Tsavo likijengwa, simba wawili waliwavamia wafanyakazi usiku baada ya usiku. John Henry Patterson, mhandisi aliyewaua, aliandika katika kitabu chake cha 1907 kwamba wafanyakazi waliamini wale si simba wa kawaida, bali roho za machifu wawili waliokufa, waliochukizwa na reli kupita katika nchi yao. Yeye aliona ni imani za kale tu. Mimi naona yalikuwa maoni ya kisiasa, yaliyotolewa kwa niaba ya watu ambao hawakuulizwa kama reli ipite.

Hollywood imeirudia hadithi hii zaidi ya mara moja: Bwana Devil mwaka 1952, kisha The Ghost and the Darkness mwaka 1996, iliyopigwa Afrika Kusini badala ya huku. Zote mbili humtazama simba kutoka upande wa bunduki.

Simba wenyewe wako Chicago. Patterson aliziuza ngozi zao kwa Field Museum mwaka 1924 kwa dola 5,000, wakajazwa na kusimamishwa nyuma ya kioo. Patterson aliwahi kutaja watu 135 walioliwa, lakini utafiti wa mwaka 2009 ulikadiria 35. Mwaka 2024 watafiti walichapisha uchunguzi wa nywele zilizokwama kwenye meno yaliyovunjika ya simba hao. Walipata za twiga, za pundamilia, na za binadamu. Kwa hiyo tunaposema mizoga ya simba iko Marekani, tukumbuke kuna na mabaki ya watu ambao hadi leo hawajazikwa.

Watoto benchi la mbele

Usiku ule wa Imhotep, benchi la mbele lilikuwa na watoto wa shule ya msingi. Bodi ya kuainisha filamu nchini huweka alama ya umri kwenye filamu, na televisheni hutakiwa kuacha mambo ya watu wazima hadi baada ya saa nne usiku. Kibandani alama hizo hazisomwi na mtu. Nawaomba wenye vibanda watenge alasiri ya Jumamosi kwa watoto, wawawekee yanayowafaa, na usiku wawarudishe nyumbani. Mtoto aliyeona maiti akinyonya uhai wa mtu hatalala, na mama yake ndiye atakayekesha naye.

Mapango ya Wadawida

Turudi kwa wafu wetu: panda sasa hadi Wundanyi, kwa Wadawida, yaani Wataita wa milimani. Zamani, mzee wa ukoo akifa alizikwa, na muda ukishapita fuvu lake liliondolewa kaburini kwa heshima na kuwekwa pangoni pamoja na mafuvu ya waliomtangulia. Ukoo ulipopatwa na ukame au maradhi, wazee walikwenda pale kuomba. Wamishonari waliofika Sagalla mwaka 1883, na wengine waliowafuata, walifundisha vingine, na desturi ikafifia. Mapango yapo bado, na mengine yana mafuvu hadi leo.

Si yote yaliyobaki. Mafuvu ya Wataita yalipelekwa Uingereza enzi za ukoloni. Mwaka 1931 jarida la kisayansi la Biometrika lilichapisha utafiti juu ya mafuvu kutoka Kenya, na ya Wataita yakiwemo. Mwaka 1973 William Howells wa Harvard alichapisha vipimo vya mafuvu ya jamii mbalimbali duniani, na humo ya Wataita, yaliyohifadhiwa Chuo Kikuu cha Cambridge, yanapita 80. Vipimo hivyo vimeingizwa katika programu za kompyuta, na wataalamu hulinganisha navyo mifupa ya watu wasiojulikana. Wazee waliowekwa pangoni ili wajukuu wajue pa kwenda kuomba, wamegeuzwa safu za nambari.

Swali la mzee wa reli halihusu Misri peke yake. Nani aliwatuma?

Sehemu ya pili tunayoidai

Mafuvu hayo yanaweza kurudi. Mwaka 1985 vigango viwili, nguzo ambazo Wamijikenda huwachongea marehemu wao, viliibwa katika boma moja kaunti ya Kilifi. Mwanaanthropolojia Monica Udvardy alikuwa amevipiga picha kabla havijaibwa, akavifuatilia hadi Marekani. Kimoja kilikuwa Illinois State Museum, kingine katika makumbusho ya Hampton University. Vilirejeshwa Kenya, na mwaka 2007 vikakabidhiwa familia. Picha moja na mtu mmoja asiyechoka kuuliza vilitosha kuanzisha safari hiyo.

Sisi tuna zaidi ya picha. Tuna vipimo vilivyochapishwa, jina la chuo, na mapango yenyewe. Ninachokitaka ni hatua tatu. Wazee wa koo waketi na kukubaliana mafuvu yakirudi yapokewe vipi, maana wapo watakaotaka yarudi pangoni na wapo watakaotaka yazikwe kwa ibada ya kanisa. Kaunti ya Taita Taveta na Makumbusho ya Taifa ya Kenya ziiandikie Cambridge rasmi, ziombe orodha kamili: fuvu gani, lilitoka pango gani, lilichukuliwa na nani. Na vijana wa Voi wanaotengeneza filamu kwa simu zao wairekodi kazi hiyo tangu kikao cha kwanza cha wazee, kwa idhini yao, ili muvi ijayo ya wafu itakayojaza kibanda iwe yetu.