AC Chini ya Bati ni Maji Ndani ya Pakacha

Nitalisema hili na najua kuna watakaoacha kunifuata leo. Hiyo AC uliyofunga kwenye nyumba ya bati isiyo na silingi haikupozi wewe. Inapoza anga la Kililana, na anayelipia ni wewe.

Kabla hujakimbilia komenti kuniambia nina wivu, ngoja nikupe kisa cha kwetu.

Mwaka jana familia tulichanga tukamnunulia bibi AC. Watoto walitoa, wajukuu tulitoa, hata binamu yangu aliyeko Uingereza alituma zake. Chumba cha bibi ni futi kumi kwa kumi na mbili. Kuta za tofali, juu bati tupu, na kati ya ukuta na bati kuna pengo ambalo paka anapita bila kuinama. Fundi akaja na AC ya BTU 12,000, akatoboa ukuta, akafunga, akachukua pesa zake, akaenda. Swali hata moja hakuuliza. Sisi nasi hatukumuuliza kitu. Tulipiga picha, tukaposti, laiki zikamiminika. Bibi wa Kililana ana AC, nyinyi mna nini?

Token za elfu moja zikawa zinaisha siku ya tatu. Ile mashine haikuwa ikipumzika, manake baridi yote ilikuwa inapotelea pengoni na bati linarudisha joto chini. Friji ikawa inazimwa ili AC iishi. Mdogo wangu, mtu wa kidato cha nne, akawa anasoma kwa tochi ya simu. Baada ya miezi minane ikaanza kutiririsha maji ndani, juu ya godoro. Sehemu ya nje tukaikuta imeliwa na chumvi. Kumpigia fundi, simu haishiki.

Unajua bibi analala wapi sasa? Barazani, kwenye upepo, kama zamani. Ile AC ameifunika kitambaa cha kufuma, kama redio ya marehemu babu.

Ndiyo maana nina hasira. Sina ugomvi na AC. Nina ugomvi na huu ujinga wetu wa kununua mashine kabla ya kuiuliza nyumba.

Yule binamu yangu kule kwenye baridi alikuwa anatafuta radieta. Si ya gari. Ni ile ya nyumbani, ya mabomba ya chuma yaliyosimama wima kama meno ya kitana, yanapita maji ya moto, chumba kinapata joto. Nikamwambia si uchague tu nzuri ununue. Akanicheka. Kule muuzaji anaanza na maswali. Chumba ukubwa gani? Dari iko juu kiasi gani? Madirisha mangapi, kioo kimoja au viwili? Kuta ngapi zinatazama nje? Paa limewekwa kitu cha kuzuia joto lisitoroke? Hapo ndipo inapigwa hesabu ya joto linalopotea, halafu unaambiwa unahitaji radieta ya safu mbili au tatu, na vipande vingapi. Kama ni ya chuma kizito, wanaangalia hadi ukuta au sakafu kama itaibeba. Na kila baridi ikikaribia anachukua kiufunguo kidogo anatoa hewa iliyonasa juu, manake hewa ikibaki, radieta inakuwa moto chini na baridi juu.

Nikanyamaza. Hesabu yao na yetu ni ile ile, hata kipimo ni kile kile, BTU. Wao wanazuia joto lisitoke, sisi tunazuia lisiingie. Tofauti ni kwamba yeye aliulizwa maswali kumi kwa radieta moja, na bibi hakuulizwa hata moja.

Sasa tupige hesabu yetu. Chukua unit moja ya stima kwa shilingi 30 hivi. AC ya 12,000 ikifanya kazi mfululizo inakula karibu kilowati moja. Saa nane za usiku ni unit nane, shilingi 240. Mwezi mzima ni 7,200. Feni ya darini inakula wati 70 hivi. Saa zile zile nane, shilingi 17. Mwezi ni kama mia tano. Hiyo tofauti ni karo, ni unga, ni dawa ya presha ya bibi.

Na nisiambiwe Mswahili hajui kupambana na joto. Panda boti Mokowe, shuka Lamu mjini, ingia nyumba ya kale yoyote. Kuta nene za mawe na chokaa. Dari juu. Kiwanda katikati, hewa moto inapanda na kutoka. Daka mlangoni. Vichochoro vyembamba, jua halifiki chini muda mwingi wa mchana. Ule mji uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, na wageni wanalipa pesa nzuri kulala humo. Sisi wajukuu wa waliojenga vile, ng'ambo tu ya maji, tunajijengea tanuri halafu tunaomba mashine ituokoe.

Najua jibu lenu: "Kwa hiyo unataka turudi makuti?" Hapana. Makuti yanapoza, lakini yanashika moto haraka na baada ya miaka michache unayasuka upya. Na mawe ya matumbawe hakuna anayekwambia ukachimbe leo. Bati halina dhambi. Dhambi ni bati tupu lililowekwa juu ya kichwa cha mtu bila kitu katikati.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu.

Kwanza nyumba. Weka silingi, na acha matundu ya hewa juu yake ili joto la bati litoke nje. Paka bati rangi nyeupe. Fungua madirisha mawili yanayotazamana, kaskazi na kusi zipite. Panda mwarobaini upande wa jua la jioni. Ukishaweka silingi, ziba lile pengo la paka.

Pili feni. Ishi nayo msimu mmoja wa kaskazi. Wengi mtaishia hapo na mtashukuru.

Tatu, kama bado unahitaji, kwa mgonjwa, mzee au mtoto mchanga, nunua AC na usione haya. Lakini pima. Kwa chumba chenye silingi, kadiria BTU 600 hivi kwa kila mita mraba. Chumba cha bibi kingetosheka na 9,000. Usichukue kubwa kwa sifa. Kubwa mno inapoza haraka, inajizima, inakuacha na unyevu, unalala kama uko ndani ya kanga mbichi. Chukua ya inverta, iweke nyuzi 25 au 26.

Siku ya kufunga, simama na fundi. Bomba la maji lielekee chini. Sehemu ya nje iwe kivulini, ipate nafasi ya kupumua, isitazame upepo wa bahari. Avute hewa yote kwenye mabomba kabla ya kufungulia gesi. Akikwambia si lazima, huyo si fundi, mwambie akusanye vifaa vyake. Baada ya hapo, chujio unaliosha kila wiki mbili, na sehemu ya nje unaizimia stima halafu unaisuuza kwa maji matamu, sio ya kisima cha chumvi.

Na nyinyi wenye vyumba vya kupangisha, nawaona. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa hapa Mei 2021, na tangu hapo kila mwenye kiwanja anaota wapangaji. Mnapanga vyumba mgongo kwa mgongo, bati tupu, dirisha moja la kitambaa cha meza, halafu mnaandika "ina sehemu ya kuweka AC" kama vile mmetupa zawadi. Mmejenga joto, na mnataka mpangaji alipie kulitoa. Silingi ni jukumu la mwenye nyumba.

Sisi vijana ndio tutakaojenga nyumba zinazofuata huku Kililana. Tusijenge za kupiga picha. Tujenge ambazo bibi atalala ndani.

Mwezi huu tumechanga tena. Safari hii ni ya silingi. Haitapata laiki nyingi, lakini mdogo wangu atasoma na taa.

Nyumba yenu ina silingi? Semeni ukweli kwenye komenti. Na kama AC yenu nayo imevalishwa kitambaa, leteni picha.