Kubadilisha karte mere: tuhesabu kwanza



Tangu mwanzo wa mwaka huu wa masomo kuko mabishano yanayopita kalasi kwa kalasi. Ni juu ya ordinatere za chumba cha informatike. Zimekuwa nzito. Mutu anabonyeza, anangojea, anaanza kuzungumuza na jirani yake, na saa ya somo inaisha. Tena tumesikia kwamba tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025 muda wa kawaida wa Windows 10 ulimalizika, na Windows 11 inakataa kuingia mu mashini zetu. Basi bamoja banasema: tuuze zile bintu kwa wanunuzi wa vyuma. Bengine banasema: hapana, tubadilishe prosesere na karte mere, zitakuwa mupya. Na kuko wazo la kuomba wazazi waongeze kitu juu ya makuta ya masomo kwa ajili ya kazi hiyo.

Ninaandika kwa sababu makuta hiyo itatoka mu mifuko ya wazazi wetu. Kati yetu wako wale wanaorudishwa nyumbani juu ya deni ya masomo. Si jambo la kuchezea. Mawazo yangu ni haya: prosesere tunaweza kubadilisha pale ambapo soketi inaruhusu, karte mere tusibadilishe, isipokuwa kwa mashini moja ao mbili, na mbele ya yote hayo kuko kazi nyingine ya bei ndogo ambayo hatujafanya.

Kwanza tuelewane, maana wenzetu wa sekisio ya literatire wanasikia maneno haya bila kuona vitu vyenyewe. Karte mere ni lile bao kubwa ndani ya sanduku, lenye njia ndogo ndogo za shaba. Kila kitu kinashikamana nalo: memuari, disiki, klavie, ekra. Prosesere ni kile kipande cha mraba kinachofanya hesabu zote. Kinakaa juu ya karte mere, mu nafasi yake inayoitwa soketi, chini ya vantilatere.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanadanganyika. Wanafikiri prosesere yoyote inaingia mu karte mere yoyote, sawa vile balbu inaingia mu duye. Haiko vile. Kwa Intel, jina la soketi ni hesabu ya miguso yake. LGA 775 ilitoka mwaka 2004, LGA 1156 mwaka 2009, LGA 1155 mwaka 2011, LGA 1150 mwaka 2013. Angalieni 1156 na 1155: tofauti ni muguso mumoja tu, lakini prosesere ya moja haiingii mu ingine. Na LGA 1151 ni mutego zaidi. Ilitoka mwaka 2015. Mwaka 2017 Intel ikatoa prosesere zingine zenye jina lile lile la soketi, lakini haziwezi kutumika na karte mere za kwanza. Mutu anaweza kununua, akarudi nyumbani, ikaingia vizuri, na mashini isiwake. Makuta imekwenda.

Basi tufanye hesabu ya mashini moja. Tuchukue ordinatere ya okazio ya mwaka 2011, yenye prosesere Core i3-2100. Tuseme tunataka kuipa karte mere ya kisasa. Karte mere mupya inaomba prosesere mupya, kwa sababu soketi imebadilika. Memuari ya zamani ni DDR3. Karte mere za leo zinaomba DDR4 ao DDR5, na kale kakato ka chini ka kila aina kako pahali pengine, kwa hiyo haiingii hata ukisukuma. Tunanunua memuari. Kisha alimantasio: ordinatere nyingi za biro, zile zinazotoka Ulaya kisha kutumika mu makampuni, ziko na alimantasio ya umbo lake peke yake na fishi ambazo hazifanane na za wengine. Tunanunua alimantasio. Lakini sanduku lenyewe lilipimwa kwa karte mere yake ya kwanza, na matundu ya vis hayakutani. Tunanunua sanduku. Mwishowe lisansi ya Windows iliyokuja na mashini inafuata karte mere. Ukibadilisha karte mere, kwa kawaida lisansi ile imekufa.

Hesabuni sasa kilichobaki cha mashini ya zamani: ekra, klavie, na disiki. Hatukubadilisha karte mere. Tumenunua ordinatere mupya vipande vipande, kwa bei ya rejareja, na bila garanti ya mutu mumoja anayejibu kwa yote. Bwana Yesu alisema juu ya kiraka kipya mu nguo ya zamani, na juu ya mutu anayetaka kujenga munara, mu Luka sura ya 14: anakaa kwanza chini na kuhesabu. Nafikiri komite ingefanya vizuri kukaa chini vile.

Kubadilisha prosesere peke yake ni jambo lingine, na hapa ninakubaliana na wale wanaotaka. Ile Core i3-2100 iko na viini 2. Mu soketi ile ile LGA 1155 kunaingia Core i5-2400 yenye viini 4, ao Core i7-2600 yenye viini 4 vinavyofanya kazi sawa 8. Prosesere za umri huo zinapatikana za okazio, na bei yao imeshuka sana. Kazi yenyewe haipiti saa moja. Lakini iko na masharti matatu.

La kwanza, BIOS. Prosesere za mwaka 2012 za LGA 1155 zinaweza kuingia mu karte mere nyingi za mwaka 2011 kisha BIOS kutengenezwa upya, lakini si zote. Zile za chipseti Q65, Q67 na B65 hazikuhesabiwa na Intel, na hizo ndizo zinapatikana sana mu mashini za biro. Kila mutengenezaji wa karte mere anatoa liste ya prosesere anazokubali. Tusome ile liste mbele ya kununua. Na kama tunatengeneza BIOS, tufanye kazi hiyo na ondulere, siku ambayo moto wa SNEL unaonekana kuwa sawa, kwa sababu moto ukikatika katikati, karte mere inaweza kulala moja kwa moja.

La pili, joto. Core i3-2100 inahesabiwa wati 65, Core i7-2600 wati 95. Vantilatere ndogo iliyotosha kwa ya kwanza inaweza kushindwa kwa ya pili, zaidi mu chumba chetu chenye mabati na mavumbi ya mwezi wa 8. Na zile wati tutazilipa pia mu mafuta ya grupu wakati wa delestaji.

La tatu, mikono. Mu soketi za LGA sindano ndogo ziko juu ya karte mere, si chini ya prosesere. Ukipinda moja, unaweza kupoteza karte mere yote. Mutu ashike chuma cha sanduku kwanza kusudi atoe umeme wa mwili, aondoe pate ya zamani yote, atie mupya kidogo sawa mbegu ya mupunga, na asilazimishe kitu.

Lakini ndugu zangu, mbele ya kununua prosesere yoyote, tuulize: ni prosesere njo inachelewesha? Windows yenyewe inatuonyesha. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, angalia hesabu tatu: prosesere, memuari, disiki. Kama disiki iko kwa 100 na prosesere inalala kwa 15, prosesere haina kosa. Ordinatere za umri huo ziko na disiki ya kuzunguka, na memuari ya giga 2 ao 4. Tia SSD mu fishi ile ile ya SATA, ongeza memuari ifike giga 8, na ile mashini iliyochukua dakika nzima kuamuka itaamuka upesi, na prosesere yake ya zamani. Tena tuangalie kama sisteme ni ya biti 32: ile haitumie zaidi ya giga 4, kwa hiyo kuongeza memuari bila kubadilisha sisteme ni bure. Na ile mashini inayosahau tarehe kila asubuhi haina ugonjwa mukubwa: mara nyingi ni pile ndogo ya CR2032 imekwisha. Kuna mashini zinazohesabiwa kuwa zimekufa, kumbe ni mavumbi tu yamefunga vantilatere, na prosesere inajipunguza nguvu kusudi isiungue.

Najua jibu la wengine: "Na Windows 11 je?" Tuseme kweli. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inaomba usalama wa TPM 2.0, na kwa Intel inakubali kwa kawaida prosesere za kizazi cha 8 kwenda mbele, yaani za mwaka 2017 na kisha. Core i7-2600 ni ya kizazi cha 2. Kwa hiyo anayebadilisha prosesere mu soketi ile ile kwa kusudi la Windows 11 anapoteza makuta. Mulango ule haufunguki. Lakini Linux inaingia, ni ya bure, na inapokea matengenezo ya usalama. Ndani yake tuko na LibreOffice kwa kuandika na kuhesabu, tuko na Python kwa wale wa programu, na kwa Kiwix tunaweza kuwa na Wikipedia mu chumba chetu bila intaneti. Somo gani letu la informatike linaomba zaidi ya hapo?

Kuna neno moja la wapinzani ambalo siwezi kulitupa. Wanasema: mwanafunzi anayemaliza hapa atakuta Windows 11 mu biro za makampuni, na atapata haya kama hajaiona. Ni kweli. Kwa ajili hiyo nimesema mashini moja ao mbili zipate karte mere mupya, na kila kalasi ipite kwake kwa zamu. Hapo tuchague karte mere yenye kesho. Mufano ni soketi AM4 ya AMD: prosesere za Ryzen ziliingia ndani yake kuanzia mwaka 2017, na mwaka 2022 AMD ilikuwa bado inatoa mupya za soketi hiyo. Aliyenunua karte mere nzuri mara moja aliweza kuongeza nguvu kisha miaka, kwa kubadilisha prosesere na kutengeneza BIOS tu.

Na wale wanaotaka kuuza mashini kwa wanunuzi wa vyuma, niwaulize kama wanajua kinachofuata. Mara nyingi karte mere zinachomwa kusudi shaba itoke, na moshi ule unaingia mu mapafu ya watoto, na zile za mbele ya mwaka 2006 mara nyingi ziko na risasi mu soda yake. Sisi watu wa Katanga tunapaswa kulielewa jambo hili kushinda wengine. Shaba ya zile njia ndogo inachimbwa huku kwetu. Étain ya soda inatoka mu kasiterite, na tantali ya vikondensatere vidogo inatoka mu koltani, na vyote viwili Manono inavyo. Vitu hivyo vilitoka kwa mikono ya watu wetu, vikaenda mbali, vikaturudilia vya okazio. Si vizuri tuvitupe mbele ya kujua kazi yake imekwisha kweli.

Kwa hiyo ninaleta mashauri yangu mbele ya Bwana Prefe na komite ya wazazi:

1. Wanafunzi wa elektroniki pamoja na mwalimu wao wafungue mashini zote, wazisafishe, waandike mu kaye: soketi, prosesere, memuari, disiki, hali ya alimantasio. Kazi hiyo haiombi makuta, inaomba siku za posho mbili.

2. Makuta ya kwanza iende kwa SSD na memuari, na Linux iingizwe.

3. Prosesere inunuliwe tu kwa mashini ambayo kaye inaonyesha kwamba prosesere njo inashindwa, na liste ya mutengenezaji inakubali.

4. Karte mere mupya kwa mashini moja ao mbili tu.

5. Ile iliyokufa kabisa isiuzwe. Ikae mu chumba, wadogo wetu wajifunze kuifungua na kuifunga. Mu kitabu sindano za soketi ni picha tu. Mu mikono ni fundisho.

Kama hayo yote yamefanyika na chumba bado ni kizito, hapo tutarudi kwa wazazi na kaye mu mikono, na tutawaonyesha kila falanga ilikwenda wapi. Muzazi akiona hesabu namna hiyo, hata kutoa hakumuumi sana.

Anayekuwa na mawazo mengine aandike mu namba inayokuja, nafasi iko. 

Mwanafunzi wa tatu humanite, sekisio ya teknike