Kunguni si aibu, sumu kitandani ndiyo hatari

Mzazi wa Ukonga, mtoto akiamka na vipele vyekundu vinavyowasha, vimejipanga mstari shingoni au mkononi, usikimbilie antibaiotiki. Inua godoro kwanza. Angalia mishono yake na maungio ya kitanda kama kuna madoa meusi mfano wa wino. Kunjua na chandarua, huko pia hujificha. Vipele vikiwa katikati ya vidole na kiunoni, huenda ni upele wa kuambukizana, na huo una dawa yake.

Alama za kunguni hupona zenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Osha kwa sabuni, kanda kwa maji baridi, mkate mtoto kucha. Akishindwa kulala, mfamasia atakupa dawa ya mzio kwa kipimo cha umri wake. Vikitoa usaha au akipata homa, mlete kituoni.

Mimi kunguni hanitishi, hajulikani kueneza ugonjwa. Naogopa ile dawa ya shambani inayouzwa kwenye chupa ya maji, isiyo na lebo. Nimepokea mtoto anayetapika, mate yanamtiririka, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. “Tulipulizia godoro tu, daktari.”

Tumia maji yanayochemka kwenye maungio, watoto wakiwa nje. Fua mashuka kwa maji ya moto. Rudia wiki inayofuata, mayai huwa yameanguliwa. Na wapangaji wote mfanye siku moja, maana kunguni hupita ukutani. Mgongee wa chumba cha pili, huenda naye anajikuna kimya kimya.