Upara, Aibu na Tiketi ya Istanbul

Wapo watakaoshangaa kuona mhadhiri wa siasa, katika ukurasa ambao kwa kawaida hujadili katiba, bajeti na hatima ya elimu yetu, akizungumzia upara. Mshangao huo ndio sababu ya makala haya. Popote ambapo wananchi hutoa fedha nyingi, huvuka mipaka ya nchi, hulala juu ya kitanda cha upasuaji na kisha hurudi nyumbani pasipo kuwa na wa kumuuliza lolote, pana suala la umma, hata kama kila mmoja wao analiita siri yake.

Ninazungumzia upandikizaji wa nywele. Istanbul imejijengea jina la kuwa kitovu cha biashara hii duniani, na ndege za moja kwa moja kutoka Dar es Salaam na Nairobi zimeifanya safari hiyo kuwa jambo la usiku mmoja. Matangazo hutufuata kwenye simu: hoteli, gari la kukupokea uwanjani, upasuaji na dawa, vyote kwa bei moja. Hoja yangu ni hii: hatari kubwa ya upasuaji huu haimo katika kisu, imo katika aibu. Aibu humfanya mtu asiulize kabla na asiseme baadaye. Soko ambalo wateja wake hawaulizi wala hawalalamiki halina sababu ya kujirekebisha.

Aibu hiyo tumeilea wenyewe. Mzee mwenye upara husemwa kuwa na busara na pesa. Kijana wa miaka ishirini na mitano mwenye upara hutaniwa kazini, kijiweni na hata harusini. Akinyoa kichwa chote, anaambiwa amesalimu amri. Akitafuta tiba, anaambiwa anajipamba kama mwanamke, kana kwamba kujali mwili ni kosa na kuwa mwanamke ni tusi. Wanawake nao, ambao misuko ya kubana imewang'oa nywele za panja, hufunga kilemba na kunyamaza. Matokeo yake ni kwamba watu wazima, wenye shahada na vyeo, hufanya uamuzi mzito wa kitabibu kwa ushauri wa picha mbili, ya kabla na ya baada.

Wakubwa wa dunia hawakusalimika na aibu hii. Mwezi Agosti 2004, Silvio Berlusconi, wakati huo Waziri Mkuu wa Italia, alimpokea Tony Blair katika makazi yake ya mapumziko kisiwani Sardinia akiwa amefunga kitambaa kichwani. Picha zikazunguka dunia, na haikuchukua muda kujulikana kwamba kitambaa kilifunika nywele zilizopandikizwa. Mtu aliyekuwa na madaraka, utajiri na vyombo vyake vya habari hakuweza kuzificha siku za kupona. Miaka saba baadaye, Juni 2011, mchezaji Wayne Rooney aliandika mwenyewe kwenye Twitter kwamba amepandikiza nywele kwa kuwa upara ulikuwa umeanza kumnyemelea. Watu wakatania, kisha mpira ukaendelea. Aliyeficha alizungumzwa zaidi kuliko aliyesema.

Sasa tuutazame upasuaji wenyewe. Kupandikiza si kuotesha. Hakuna unywele mpya unaoumbwa. Kinachofanyika ni kuhamisha vishina vya nywele kutoka kisogoni na pembeni, ambako kwa kawaida upara wa kurithi haufiki, na kuvipanda mbele au utosini. Daktari Norman Orentreich wa New York ndiye aliyeanza kuutibu upara wa wanaume kwa njia hii katika miaka ya 1950, akaonyesha kwamba kishina kinapohamishwa huendelea na tabia ya kule kilikotoka. Leo njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni kukata ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni, kuushona, na kuugawa ukanda huo katika vishina. Ya pili, iliyoelezwa katika majarida ya tiba mwaka 2002 na kuenea kwa kasi tangu hapo, ni kuchomoa kishina kimoja kimoja kwa kifaa chenye ncha ya mviringo. Kila kishina hubeba unywele mmoja hadi minne. Mgonjwa huwa macho chini ya ganzi, na kazi huweza kuchukua siku nzima.

Wanafunzi wangu wa siasa wataielewa hesabu hii haraka, kwa maana ni suala la ugawaji wa rasilimali adimu. Kisogo kina akiba ya vishina elfu chache tu vinavyoweza kuondolewa kwa usalama katika maisha yote. Anayekitumia ovyo leo hatakuwa na cha kutumia kesho. Kwa sababu hiyo kijana wa miaka ishirini na tatu hana haja ya kukimbilia upasuaji. Upara wake haujamaliza safari. Akipanda mstari wa chini kwenye paji la uso sasa, nywele za asili zilizo nyuma ya mstari huo zinaweza kuendelea kudondoka, naye akabaki na kisiwa cha nywele mbele na jangwa nyuma yake. Haraka haraka haina baraka, na katika jambo hili haina hata nywele.

Yapo pia mambo yanayotuhusu sisi kwa namna ya pekee. Nywele zetu zilizojisokota hazijisokoti juu ya ngozi peke yake. Mzizi wake nao umepinda ndani ya ngozi, kwa hiyo fundi asiyeizoea anaweza kuukata vipande wakati wa kuuchomoa. Ngozi nyeusi ina mwelekeo mkubwa zaidi wa kuota makovu yaliyovimba, yale yanayoitwa keloidi. Aidha, wanaume wengi wetu wana vipele sugu kisogoni, aghalabu pale mashine ya kinyozi inapopita kila wiki, na kisogo ndicho shamba la kuchukulia mbegu. Baadhi ya upara, hasa ule wa wanawake unaoanzia utosini na kuacha kovu, ni ugonjwa unaopaswa kutulizwa kwanza. Ukipanda nywele juu ya ugonjwa ulio hai, unazipoteza.

Mimi mwenyewe ni mtu wa miaka arobaini na kitu, na panja zangu zilikwisha kukutana na utosi zamani. Nimekusudia kufanya upasuaji huu, na ninalisema hadharani kwa sababu ile ile ninayoijadili. Hatua yangu ya kwanza ilikuwa kumwona daktari wa ngozi hapa hapa nchini. Alinishika kisogo, akaona vipele vichache nilivyokuwa nikiviona vya kawaida, akaniambia vitibiwe na vitulie kwa miezi kadhaa kabla ya kuzungumzia upasuaji wowote. Aliongeza kwamba jibu la mwisho linaweza kuwa hapana. Nimelipokea hilo. Mpango usio na nafasi ya jibu la hapana si mpango, ni ununuzi. Utaalamu wa kutoa jibu hilo tunao. Pale KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992 kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, ambacho kimewaandaa wataalamu wanaohudumu katika nchi nyingi za Afrika. Safari inaanzia huko, haianzii kwa wakala.

Akishapata ruhusa ya daktari, mwenye nia anapaswa kuuliza maswali manne na kutaka majibu kwa maandishi. La kwanza: ni nani hasa atakayenikata? Malalamiko makubwa dhidi ya biashara hii duniani ni kwamba daktari huonekana dakika chache, kisha kazi hufanywa na mafundi wasio madaktari. Chama cha Kimataifa cha Upasuaji wa Kurejesha Nywele kimelazimika kuendesha kampeni mahsusi dhidi ya soko hilo la magendo. La pili: umewahi kutibu nywele na ngozi kama zangu, na naweza kuona matokeo yake baada ya mwaka mzima? La tatu: utachukua vishina vingapi, na kitabaki kiasi gani? La nne, ambalo hakuna tangazo linalolijibu: nikipata tatizo nikiwa nimekwisha kurudi nyumbani, nani atanitibu na kwa gharama ya nani?

Swali hilo la nne nalijua kwa sura ya mtu. Mtumishi mmoja wa umma, aliyepata kuwa mwanafunzi wangu, alikopa katika SACCOS ya kazini kwake, akamwambia mkewe na mkuu wake kwamba anakwenda kwenye semina, akaomba siku saba. Siku ya tano alikuwa amerudi mezani pake, uvimbe wa paji la uso umemshukia machoni, na wenzake wakadhani amepigwa na vibaka. Siku ya tisa kisogo kilianza kutoa usaha. Wakala aliyepokea fedha zake hakujibu tena simu. Hospitali ya karibu alikuwa na binamu yake muuguzi, kwa hiyo hakwenda. Alinunua dawa za kuua vijidudu dukani, kwa kukisia. Alipokuja kutibiwa ipasavyo, kovu lilikuwa limekwisha kujenga nyumba. Ameniruhusu nisimulie haya bila jina. Kilichomuumiza zaidi, alisema, ni kwamba hakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwake lilikuwa kovu, naye anajihesabu mwenye bahati.

Laiti angejua ratiba ya kupona, angepanga vingine. Siku tatu nne za kwanza uvimbe huweza kushuka kutoka kichwani hadi kuzunguka macho, na mtu hulala ameinua kichwa kwa mito. Vigaga vidogo hufunika sehemu iliyopandwa na hudondoka katika siku saba hadi kumi au zaidi kidogo, kwa kuoshwa taratibu kama daktari alivyoelekeza, bila kukwangua. Katika siku hizo hakuna kofia ya kubana, hakuna helmeti ya bodaboda, hakuna mazoezi mazito wala jua la mchana juu ya utosi. Mwislamu ambaye paji lake halipaswi kugusa mkeka anaweza kuswali kwa ishara kama mgonjwa mwingine yeyote. Jambo la kumuuliza shekhe wake na daktari wake kabla ya safari. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, homa au usaha ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kisha huja mtihani wa subira. Kati ya wiki ya pili na ya nane, nywele nyingi zilizopandwa hudondoka. Hiyo ni kawaida. Shina limebaki ndani, limepumzika. Huanza kuchipua karibu na mwezi wa tatu au wa nne, na hukumu ya haki juu ya kazi hiyo haitolewi kabla ya miezi kumi na miwili. Sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka. Anayeweza, na atenge angalau wiki mbili kati ya hizo kwa siku za mwanzo, abakize akiba ya fedha kwa ajili ya matibabu ya nyumbani, na amwambie mtu mmoja anayemwamini ukweli wote.

Kuna jambo moja zaidi kwa wanaume wa rika langu. Mara nyingi mpasuaji hushauri vidonge vya finasteridi ili kulinda nywele za asili zilizosalia. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani kwanza mwaka 1992 kwa ajili ya kuvimba kwa tezi dume, kisha mwaka 1997, kwa kipimo kidogo, kwa ajili ya upara. Baadhi ya wanaume hupungukiwa na hamu au nguvu za kiume wanapoitumia. Tena dawa hiyo hushusha kiwango cha kipimo cha damu cha PSA kwa takriban nusu. Mwanamume anayeimeza kwa siri, akaenda kupima tezi dume bila kumweleza daktari, anaweza kurudi nyumbani na jibu la kumfariji lisilo la kweli. Hapo aibu ya upara inageuka kuwa hatari ya saratani.

Serikali inaingiaje? Mabaraza yetu ya madaktari hayana mamlaka juu ya chumba cha upasuaji kilichoko Istanbul, na sidai yawe nayo. Lakini wakala anayetangaza hapa na kupokea fedha hapa anapaswa kuwajibika hapa: asajiliwe, ataje kwa maandishi jina la daktari na mpango wa matibabu baada ya kurudi, na ajibu anapolalamikiwa. Hospitali zetu ziwapokee wanaorudi na vidonda bila mahubiri wala minong'ono, kwa kuwa siri ya mgonjwa ni haki yake hata pale maradhi yake yanapochekesha. Maofisa utumishi wakumbuke kwamba likizo ni haki, haihitaji hadithi ya semina.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Methali hiyo inamtaka mtu ajifunze kwa lililompata mwenziwe, na hilo haliwezekani ikiwa wenzetu wananyolewa gizani. Kutaka nywele si dhambi, na kuukubali upara si ushujaa. Yote mawili ni hiari ya mtu na mwili wake. Tunachodaiwa kama jamii ni kidogo: tupunguze kicheko kiasi cha kumwezesha mtu kuuliza swali kwa sauti kabla hajalipia tiketi.